Mzigo Wenye Miguu

Daraja la mto Nampunga lilikatika upande mmoja tu, na balaa lote lilianzia hapo. Lingekatika lote, kila mtu angerudi kwake.

Ulikuwa mwaka wa mvua za Elnino. Maji yaliula ukuta wa kusini, ule uliobeba ncha za boriti mbili za chuma, ukaporomoka mtoni na kuziacha ncha zikining'inia hewani. Upande wa kaskazini, unaotokea Kiranjeranje, boriti zilikuwa bado zimekaa juu ya ukuta wake. Katikati ya mto, ila karibu zaidi na kusini, palikuwa na nguzo ya zege, nayo ilikuwa nzima. Kutoka nguzo ile hadi mwisho wa daraja hapakuwa tena na kitu chini isipokuwa maji. Watu wa miguu walikuwa wakivuka, wakimalizia kwa mbao nene zilizotandikwa kutoka ncha ya boriti hadi ukingoni. Pikapu nazo zilikuwa zikivuka. Kuhusu lori lililojaa korosho hakuna aliyejua.

Restuta aliletwa ili ajue. Alikuwa injinia, mzaliwa wa Newala, aliyefanya kazi serikalini mpaka siku walipopunguzwa watumishi, naye akiwamo. Baada ya kukaa nyumbani muda mrefu akapata kazi kwenye kampuni ndogo ya mzee Rafaeli kule Lindi. Asubuhi ya safari Rafaeli alimwambia, "Bashiru ni mtu wetu. Msaidie avuke. Habari ya kulijenga daraja tutaizungumza baadaye."

Bashiru alikuwa mnunuzi wa korosho. Chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kununua, soko lilikuwa limefunguliwa, na misimu iliyotangulia wanunuzi walikuja kwa makundi wakigombea magunia. Mwaka ule barabara iliwashinda wote, akafika yeye peke yake. Malori yake mawili yalikuwa yamepakia Kinjumbi na Miteja, na meli ilikuwa ikingoja Mtwara. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye sauti ya chini, anayejua kuulizia wagonjwa wa watu kwa majina yao.

"Dada injinia," alimwambia Restuta walipokutana darajani, "mimi nataka jibu moja tu. Linapita au halipiti?"

Restuta alipima boriti, akakagua nguzo, akauliza uzito wa malori. Kisha akachukua chaki na kuchora kwenye ubao wa nyuma wa lori la kwanza. Alichora daraja, na chini yake akachora mstari mwingine ulioanza juu upande wa kaskazini, ukashuka moja kwa moja, ukagusa sifuri penye nguzo, na kuendelea kuzama chini ya sifuri hadi ncha ya kusini.

"Mstari huu si daraja," alisema. "Unaonyesha jambo moja tu. Mzigo ukitembea darajani, ukuta wa kaskazini unabeba kiasi gani kila unapofika? Mzigo ukiwa hapa mwanzo, ukuta unaubeba wote. Ukifika nusu ya njia ya kwenda kwenye nguzo, unabeba nusu. Ukiwa juu ya nguzo, ukuta haubebi kitu, kila kitu kimeelemea nguzo."

"Na huku chini ya sifuri?"

"Huku mzigo unainua. Magurudumu ya nyuma yakifika kwenye ncha ile, boriti inataka kunyanyuka huku kaskazini. Uzito wa daraja lenyewe ndio unaoishikilia. Kwa lori lako, uzito huo hautoshi."

Bashiru aliutazama mchoro kwa muda. Alikuwa ameishia darasa la saba, lakini akili yake ilikuwa ya wembe.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, akipitisha kidole juu ya chaki, "nikiweka kilo moja huku mwanzo kabisa, inahesabika nzima. Nikiiweka mbele kidogo, inapungua. Hapa haihesabiki. Na kule inanila."

"Ndivyo."

"Basi tunaweka uzito huku mwanzo, gari likiwa kule mwisho."

"Ndiyo. Mawe. Gari likishapita, tunayapanga haraka kwenye mwanzo wa daraja. Nitakuambia kiasi."

Mawe hayakuwapo karibu. Ile ni nchi ya udongo mweusi na mchanga. Mawe ya kufaa yangeletwa kutoka mbali, na mawingu yalikuwa yamekwisha kurundikana upande wa bahari. Restuta akauliza kuhusu magunia ya wanakijiji. Yalikuwa ghalani, mwendo mrefu kutoka mtoni, hayajanunuliwa.

"Kuyabeba kutoka ghalani ni mchana kutwa," alisema Bashiru. Akageuka kuwatazama watu waliojaa kando ya barabara tangu asubuhi, wakingoja kumsikia atanunua lini. Wanaume, wanawake wenye kanga kichwani, wazee wenye baiskeli. "Lakini hawa wana miguu. Wanajipakia wenyewe na kujipakua wenyewe."

"Watu si mawe," alisema Restuta.

"Uzito wao ni tofauti?"

"Watu wanasogea. Wakisogea mbele, uzito wao unapungua kama ulivyoona. Wakiruka nje, ndiyo hauko kabisa. Jiwe haliogopi."

Bashiru aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyefundishwa jambo la maana. "Nimekuelewa. Basi wasisogee."

Akawaendea watu. Hakupaza sauti. Aliwaambia kwamba malori yakifika Lindi salama yatarudi kuchukua korosho ya Kiranjeranje, na kwamba watakaosimama darajani ndio watakaopimiwa kwanza. Wasiosimama, inshallah, watapimiwa nafasi ikibaki.

Mzee Likwata, mkulima ambaye watu wa pale walimzoea kuwa msemaji wao, alimfuata Restuta. Hakuwa mzee sana. Mvi zilikuwa za kuhesabika.

"Shikamoo, mzee," alisema Restuta.

"Marahaba, mwanangu. Sisi hatujui habari ya mistari. Wewe ungekuwa na baba yako hapa, ungempandisha?"

Restuta aliangalia mawingu, akaangalia malori. Alifikiria kurudi Lindi na kumwambia Rafaeli haiwezekani, kisha akafikiria nyumba aliyokaa bila kazi. Hesabu yake, kwa watu wale, ilikuwa inakubali. Inakubali vizuri kabisa.

"Mkikaa mahali nitakapowaonyesha, na msitikisike, haina shida," alisema.

"Ungempandisha?"

"Ningempandisha."

Likwata akaenda kumwita mkewe, Fauzia, na ndugu zake.

Lori la kwanza lilipita. Magurudumu yake ya nyuma yalipokwisha kuingia darajani, watu walipanda nyuma yake na kujazana kwenye mwanzo wa daraja, bega kwa bega, ambapo Restuta alikuwa amepiga mstari wa chaki kwenye mbao. Lori likatambaa, likapita nguzo, likafika kwenye ncha. Boriti zililia, lakini hazikunyanyuka. Lori lilipopanda ukingo wa ng'ambo watu walipiga vigelegele na kucheka, wakataniana nani mzito kuliko nani.

Restuta, hata hivyo, alikuwa ameona jambo. Watu wa mbele walikuwa wamevuka chaki ili waone vizuri. Alimwambia Bashiru. Alisema pia kwamba lori la pili lilionekana limekaa chini zaidi.

"Nimeliongezea kidogo," alisema Bashiru. "Magunia mengine ya Miteja yalikuwa yanabaki."

"Basi watu hawatoshi."

"Waongezwe. Na habari ya kusogea nimekwishaipatia dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa kamba ya katani. Lori la pili liliingizwa darajani kwanza, likasimama kabla ya nguzo. Watu walipokuwa wengi zaidi, wanawake wengine nao wakiwa wameongezwa, kamba ilifungwa kwenye nguzo za pembeni za daraja: moja mbele yao, usawa wa kifua, wasisogee, nyingine nyuma yao, wasirudi. Walisimama katikati kama ng'ombe wa mnada. Mwanamke mmoja aliuliza kwa nini wanafungwa, Bashiru akamjibu kwa upole kwamba hawafungwi, wanalindwa.

Akamgeukia Restuta. "Si ulisema wasisogee mbele, na wasiruke nje?"

"Nilisema."

"Sasa hesabu yako inasemaje?"

Restuta alihesabu upya. "Inatosha," alisema. Kweli ilitosha. Alikuwa amehesabu lori linalotembea polepole, bila kushtuka.

Dereva wa lori la pili aliitwa Evaristo. Alijipiga ishara ya msalaba, akaondoa gari. Alipita nguzo salama. Magurudumu ya mbele yakashika mbao za kuvukia, yakapanda ukingo. Ya nyuma yalipofika kwenye ncha, ubao mmoja uliteleza kwa matope ya lori la kwanza, gurudumu likadondoka kutoka juu ya ubao na kuipiga boriti kwa kishindo, na injini ikazima.

Huku kaskazini, daraja liliruka.

Halikuruka sana. Lilinyanyuka, likatua, likanyanyuka tena, na safari hii halikutua. Lilibaki likielea juu ya ukuta wake, likitetemeka chini ya nyayo za watu. Mayowe yakapanda. Waliokuwa mbele waliangukia kamba ya mbele, waliokuwa nyuma wakaikunja kamba ya nyuma wakitaka kuruka nchi kavu. Baadhi walipenya chini yake. Kila aliyetoka aliwaacha wenzake wepesi zaidi, na boriti zikazidi kupanda.

"Msitoke!" Restuta alipiga kelele. "Msitoke! Kaeni!"

Likwata alikuwa safu ya mwisho. Alimsukuma Fauzia chini ya kamba, akamwona ameangukia tope upande wa barabara, kisha akaruka mwenyewe. Kamba ilimshika kiunoni. Mwili ukabaki juu, miguu ikaingia kwenye uwazi uliofunguka kati ya boriti na ukuta.

Ng'ambo Evaristo alifanikiwa kuwasha injini, akakanyaga mafuta, lori likarukia ukingoni. Ncha ya kusini ilipopoteza mzigo wake, upande wa kaskazini ulirudi chini wote kwa pamoja.

Sauti aliyotoa Likwata hata watu waliokuwa ng'ambo waliisikia.

Boriti ilikuwa imekaa juu ya mapaja yake. Kuanzia hapo kwenda chini hakukuwa na haja ya kuangalia. Alikuwa hai, macho wazi, akimtaja mkewe. Wanaume walikata kamba, wakajaribu kuinua kwa mikono, wakaleta magogo ya kutekulia. Moja likavunjika, jingine likazama kwenye udongo uliolowa.

Restuta alivuka daraja akikimbia. Bashiru alikuwa tayari ng'ambo, alikovuka kwa miguu mbele ya lori la pili, pikapu yake ikiwa imetangulia, akikagua kamba za turubai kwenye lori.

"Rudisha lori," alisema Restuta, akihema. "Magurudumu ya nyuma tu, juu ya ncha. Watu wote wakishuka upande ule, daraja litanyanyuka kama lilivyonyanyuka. Tutamtoa."

"Lori lirudi nyuma?"

"Hatua chache tu! Ndicho kitu pekee kinachoweza kuliinua."

"Na ubao ukiteleza tena? Lori likienda mtoni?"

"Kuna mtu amebanwa, Bashiru."

"Nimemwona. Nimeumia sana." Na uso wake ulionyesha kweli ameumia. "Lakini mto ulio mbele unajaa, injinia. Nisipovuka sasa, sivuki."

"Basi niachie jeki. Jeki tu."

"Barabara yote ile mpaka Lindi, malori yamejaa, tairi likipasuka?" Aliweka mkono kwenye bega lake. "Wewe ndiye mwenye elimu ya hivi vitu. Mungu atakuongoza."

Restuta alimgeukia Evaristo, aliyekuwa ameshikilia usukani kwa mikono miwili. "Kaka, rudi nyuma. Nakuomba."

Evaristo alimtazama Bashiru.

"Endesha," alisema Bashiru.

Evaristo akaendesha. Alipobadilisha gia alikuwa analia, lakini alibadilisha. Lori la kwanza likafuata, na pikapu ikafuata nyuma yake.

Restuta aliporudi, watu walimzunguka wakimtazama mdomoni. Fauzia alikuwa amekaa kwenye tope, kichwa cha mumewe mapajani mwake.

"Tukiwa sisi wote kule mwisho, haliwezi kupanda?" aliuliza mwanamume mmoja. Walikuwa wameelewa wenyewe, kwa miili yao, kile Bashiru alichokielewa kwa chaki.

Restuta alihesabu kichwani. Alihesabu tena, akitamani akosee. "Hatutoshi," alisema. "Inatakiwa zaidi ya mara mbili ya uzito wetu."

Mama mmoja akasema, "Kuna korosho."

Walikwenda ghalani. Walichukua kila walichokuwa nacho, mavuno ya msimu mzima ambayo hakuna aliyeyanunua, wakayaleta kwa vichwa, kwa baiskeli, magunia mengine yakibebwa na watu wawili wawili kwa mti. Ilikuwa safari baada ya safari. Mvua ilianza walipokuwa bado njiani. Likwata aliwasikia wakipita pembeni yake kila mara na mzigo, na mwanzoni aliwaita kwa majina kuwashukuru. Baadaye alikuwa akiita tu, bila jina. Baadaye tena akanyamaza, ila kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

Restuta alisimama kwenye ncha akipanga. Alitaka kila gunia likae mwisho kabisa, si hatua moja nyuma, maana hatua moja ilikuwa na tofauti. Alimfokea mzee aliyetua gunia lake karibu na nguzo. "Hapo halisaidii kitu! Lete huku!" Mzee akalinyanyua tena.

Magunia yalipokwisha, watu walipanda juu yake na kati yake, wamekumbatiana, maji yakipita chini kwa ngurumo. Boriti haikutikisika. Watu wakaja zaidi, hata waliokuwa wamebaki na watoto. Bado. Hatimaye Restuta mwenyewe aliingia katikati yao, na wengine wawili waliokuwa wamebaki karibu na nguzo akawavuta kwa mkono hadi ukingo wa mwisho wa ubao.

Upande ule mwingine Fauzia alipiga kelele, "Imetoka!"

Ilikuwa imepanda upana wa kiganja. Shemeji zake walimshika Likwata kwapani, wakavuta.

Walimlaza kwenye kitanda cha kamba, wakambeba kuelekea zahanati ya Kiranjeranje wakikimbia. Damu iliyokuwa imezuiwa na boriti ilipata njia. Alikata roho kabla hawajaiona zahanati, mvua ikimnyeshea usoni, na Fauzia akaendelea kukimbia pembeni ya kitanda muda mrefu baada ya wabebaji kuanza kutembea.

Korosho ilibaki darajani. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuirudisha siku ile, na kesho yake ilikuwa siku ya mazishi.

Bashiru alirudi njia ilipopitika, na malori matupu. Alikwenda kwanza nyumbani kwa marehemu, akavua viatu, akasoma Fatiha, akakaa na wanaume kwa muda wa kutosha. Kisha akaenda kupima magunia, ambayo watu walikuwa wameyatoa darajani na kuyapanga kando ya barabara. Alitia mkono ndani ya kila gunia, akanusa kiganja, akalisogeza pembeni.

"Hii imelowa," alisema. "Hii pia. Ndugu zangu, hii mbona mmeiacha mvuani?"

Mtu mmoja alianza kumweleza. Bashiru alimsikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa, akasema meli haielewi. Alichukua magunia machache yaliyokuwa chini ya mengine. Yaliyobaki yaliota ukungu pale pale kando ya barabara.

Kule Lindi, Rafaeli alimpokea Restuta kwa chai na sambusa. Bashiru alikuwa amemsifu. Alisema kampuni ina injinia anayeweza kuvusha malori kwenye daraja bovu bila kokoto moja. Wanunuzi wengine walikuwa wanamuulizia.

"Mtu amekufa, mzee," alisema Restuta.

"Nimesikia. Wanasema aliruka wakati aliambiwa asiruke."

"Alikuwa amefungwa kamba."

"Na nani aliyesema wasitikisike?" Rafaeli hakuuliza kwa ukali. Alimsogezea sahani. "Kula, mama. Una kazi nyingi."

Restuta alikula.

Mwisho wa mwezi alirudi Kiranjeranje, akafika kwa Fauzia. Alimkuta akipepeta mtama uani. Fauzia alimkaribisha kwenye kigoda, akaendelea na ungo wake.

"Nimekuja kukupa pole, mama."

"Nimeshapoa." Ungo ulipanda na kushuka. "Nilikuwa na swali moja. Siku ile, wale walioweza kunijibu walikuwa wameondoka, kwa hiyo nakuuliza wewe. Lile lori lingerudi nyuma, mume wangu angepona?"

"Miguu ingeondoka. Mwenyewe angepona."

"Na yeye Bashiru alijua?"

"Nilimwambia."

"Si siku ile. Kabla. Alijuaje kwamba watu wakae mwanzo kabisa, pale pale ukingoni, wasiwe hatua moja mbele?"

"Nilimwonyesha mimi," alisema Restuta. " Nilimchorea."

Fauzia aliweka ungo chini. Alimtazama mgeni wake kwa muda, bila hasira, kama mtu anayetafuta kitu usoni mwa mwenzake na hakioni.

"Akaelewa," alisema.

"Akaelewa upesi sana."

"Mwalimu mzuri wewe," alisema Fauzia, akainuka na kuingia ndani. Restuta alingoja. Alisikia sufuria ikifunuliwa na kufunikwa, mtoto akiitwa, mlango wa nyuma ukifungwa. Alipoelewa kwamba hatatoka tena, aliinuka, akakirudisha kigoda ukutani, akarudi barabarani ambako gari la kampuni lilikuwa likimngoja kumpeleka kwenye daraja jingine.